Taimingi Haikimbii

Lori likishindwa kupanda, jibu la haraka kwenye gereji nyingi za Mwanjelwa, Mbeya, ni moja: taimingi imekimbia. Dereva ametoka bandarini Dar es Salaam na mzigo wa Zambia. Kitonga ameipanda kwa gia ndogo kuliko alivyozoea, moshi mweusi umemfuata hadi Ipogolo, na kutoka Chimala kuja Uyole amejikokota nyuma ya malori ambayo safari zilizopita alikuwa akiyaacha. Anaegesha, anaeleza, na kabla hajamaliza hukumu imeshatoka: tufungue kava la gia, tusogeze kamshafti jino moja, gari itapumua. Dereva anakubali. Tajiri kwenye simu anakubali. Kijana anayeshika spana pembeni, ambaye keshokutwa atakuwa fundi wa kutegemewa, anaondoka akiamini kwamba hivi ndivyo injini inavyotibiwa.

Hukumu hiyo si sahihi, na imetembea barabara hii muda mrefu mno bila kupingwa hadharani. Katika injini ya lori kubwa la dizeli taimingi ya kamshafti haikimbii yenyewe. Haipotei kwa uchakavu wa kawaida, hailegezwi na mlima, na haiongezi nguvu kwa kuvutwa jino. Anayeisogeza bila kupima anagusa sehemu ambayo pengine ndiyo pekee iliyokuwa nzima, na ugonjwa ulioleta gari gereji anauacha palepale.

Tuangalie chuma chenyewe. Injini hizi hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta hewa, kuibana, kuwaka na kutoa moshi. Mapigo hayo manne ni mizunguko miwili ya krenkishafti, na katika mizunguko hiyo miwili kamshafti huzunguka mara moja tu. Ndiyo maana kwa kawaida gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya gia ya krenki, na mara nyingi kati yao kuna gia nyingine zinazopokezana mwendo. Ni gia za chuma kigumu, zinazunguka kwenye oili muda wote. Kiwandani hugongwa alama, na mfungaji huzilinganisha alama hizo siku injini inapofungwa. Baada ya hapo jino halina pa kurukia, kwa sababu meno hayaachani. Ili yaachane lazima jino livunjike, boliti za gia zilegee, au ufunguo unaoishika gia kwenye shafti ukatike. Mambo hayo hutokea, lakini hayatokei kimyakimya. Huacha chenga za chuma kwenye oili, hupiga kelele upande wa gia, na mara nyingi huizima injini njiani ikiwa na vali zilizopinda. Lori lililoondoka bandarini likiwa zima na kufika Mwanjelwa kwa miguu yake, zito kidogo kuliko juzi, halijaruka jino. Fundi anayesema limeruka aonyeshe lililovunjika.

Halafu kuna ukubwa wa jino lenyewe, ambao wasemao "jino moja tu" hawauhesabu. Ikiwa gia ya krenki ina meno 36, jino moja ni digrii 10 za mzunguko wa krenki. Hizo si kidogo. Pistoni inapofika juu mwishoni mwa pigo la kutoa moshi, vali ya moshi inamalizia kufunga na ya hewa imeanza kufunguka, zote mbili zikiwa zimetoka nje ya viti vyake. Dizeli hubana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja ya 16 au 18 ya ujazo wake, kwa hiyo hapo juu hakuna uwanja. Kati ya vali na pistoni kuna milimita chache. Ukipeleka kamshafti mbele digrii 10, unaisogeza vali ya hewa kwenye pistoni. Ukirudisha nyuma, unaisogeza vali ya moshi. Zikigusana, vali inapinda au pushirodi inapinda, na wakati mwingine kichwa cha vali kinakatika na kudondokea ndani ya silinda. Hapo tajiri anaagiza injini nyingine.

Na zisipogusana? Bado hakuna faida. Kamshafti iliyopelekwa mbele hufungua vali ya moshi mapema, wakati moto bado unaisukuma pistoni. Nguvu iliyopaswa kuzungusha magurudumu inatoka kwenye ekzosi kama joto, na turbo inaungua. Kamshafti iliyorudishwa nyuma huchelewa kufunga vali ya hewa. Pistoni imeshaanza kupanda na inairudisha nje hewa iliyokwisha kuingia. Mbano unapungua. Asubuhi ya Juni au Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, injini kama hiyo inagoma kuwaka, na ikiwaka inatoa moshi mweupe robo saa nzima. Watu wanailaumu baridi. Baridi ilikuwepo mwaka jana pia, na gari liliwaka.

Imani hii haikutoka hewani, na kuielewa ilikotoka ni nusu ya kuiondoa. Chanzo cha kwanza ni Toyota. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye Hiace na Hilux amekulia kwenye injini za 2L, 3L na 5L, na akipata Land Cruiser anakutana na 1HZ. Injini hizo zinaendesha kamshafti kwa mkanda wa raba. Mkanda hulegea, meno yake huliwa, na siku moja huruka kweli. Toyota wenyewe waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi, iwake kilomita zikifika 100,000, kumkumbusha mwenye gari abadilishe. Huko kusema taimingi imekimbia ni kusema kitu kinachotokea. Kosa ni kuubeba utambuzi huo wa mkanda na kwenda kuutumia kwenye Scania au Volvo, ambako hakuna mkanda wa kuruka.

Chanzo cha pili kina heshima zaidi, na hapa wapinzani wangu wana hoja ambayo sitaipuuza. Kwenye malori ya zamani yenye pampu ya safu, kama Scania 113, kuna taimingi inayorekebishwa kweli. Ni taimingi ya pampu. Pampu imeunganishwa na mwendo wa injini kwa boliti zilizokaa kwenye matundu marefu. Ukizilegeza na kuzungusha kidogo, dizeli inaingia kwenye silinda mapema zaidi au kwa kuchelewa. Injini iliyokuwa ikipigwa mafuta kwa kuchelewa, ikirudishwa mahali pake, huamka. Madereva wakongwe wameona hilo kwa macho yao na hakuna wa kuwaambia waliota.

Lakini angalia wazee walivyofanya kazi hiyo. Barabara hii imekuwa ya malori mazito tangu Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965 na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya mafuta na shaba yake. Fundi wa enzi za Fiat na Leyland hakuzungusha pampu kwa kubahatisha. Alifungua bomba la silinda ya kwanza, akafunga kibomba kilichopinda, akazungusha flaiwili taratibu kwa mkono huku mafuta yakichuruzika, mpaka mchirizi ukageuka kuwa matone. Hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma. Kisha akaisoma alama ya flaiwili: digrii ngapi kabla ya pistoni kufika juu? Akalinganisha na namba ya mtengenezaji wa injini ile. Ilikuwa kazi ya utulivu na ya namba. Waliorithi baada yake wengi walichukua spana wakaiacha namba, na njiani wakachanganya pampu na kamshafti, hata leo mtu anafungua kava la gia ili kutafuta kitu ambacho babu yake wa kazi alikitafuta pembeni ya injini bila kugusa gia hata moja.

Hoja inayosemwa kwa majivuno zaidi ni ya mlima. Vitabu vimeandikwa Ulaya, wanasema, na walioviandika hawaijui Kitonga wala baridi ya Uyole. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo lazima taimingi ya huku iwe yake. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa umepungua takribani moja ya tano. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribia hiyo. Ni kweli pia kwamba katika hewa nyepesi dizeli huchelewa kidogo kushika moto, na kwa baadhi ya injini za zamani watengenezaji wameruhusu pampu iwekwe mbele kidogo zinapofanya kazi milimani. Kidogo, kwa digrii zilizoandikwa, na kwenye pampu.

Ila lori la Mwanjelwa haliishi Mwanjelwa. Hili ndilo linalonishangaza zaidi katika mabishano yote haya. Lori hili linapakia bandarini, usawa wa bahari, kwenye joto la Dar es Salaam na hewa nzito, halafu linasafiri zaidi ya kilomita 800 mpaka hapa, linapita Tunduma, linakwenda Lusaka au Lubumbashi, na kurudi baharini. Injini iliyovutwa mbele ili ifurahishe Mbeya itakutana na hewa kamili ya Morogoro na Kibaha siku moja baadaye. Hapo moto unawaka pistoni ikiwa bado inapanda, shinikizo ndani ya silinda linapita lililokusudiwa, na kinachobeba gharama ni gasketi ya hedi, pistoni na beringi za konrodi. Kugonga kunasikika Chalinze, injini inafunguliwa Dar es Salaam, na fundi wa Mwanjelwa hapati kujua kazi yake iliishia wapi. Ndiyo maana imani hii inadumu. Anayepanda Mlima Nyoka na kurudi kushukuru yuko hapa. Aliyeharibikiwa yuko mbali.

Hewa nyepesi haitibiwi kwa meno ya gia. Inatibiwa kwa hewa zaidi, yaani turbo iliyo nzima, au kwa injini kubwa zaidi. Majirani zetu wa reli ya TAZARA walilijua hilo kwa gharama. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na vichwa vyake vya kwanza vya treni kutoka China vilielemewa na mpando wa Mlimba hadi Makambako. Suluhisho lililopatikana ni injini nyingine: baadhi ya vichwa vilifungwa injini za MTU, na miaka ya 1980 vikaja vichwa vyenye nguvu zaidi vya U30C, muundo wa General Electric.

Sasa turudi kwa dereva wetu na moshi wake mweusi. Moshi mweusi maana yake mafuta yameingia mengi kuliko hewa ya kuyachoma. Huo si mlio wa kusikiliza kwa sikio wala siri ya ukoo. Ni taarifa iliyoandikwa angani juu ya ekzosi. Kwa hiyo fundi atafute hewa kwanza. Filta ya hewa ya lori linalokula vumbi la barabara na la maegesho ya Tunduma huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Mpira wa turbo kwenda intakula hupasuka kwa chini, mahali pasipoonekana, na ukiwa umepasuka hewa yote iliyobanwa na turbo inaishia barabarani. Hujulikana kwa kuujaza upepo na kuupaka maji ya sabuni. Turbo yenyewe hushikwa shafti yake kwa vidole kuona kama imelegea. Kazi zote hizo ni za asubuhi moja, na hakuna hata moja inayodai kufungua kava la gia.

Kama hakuna moshi na nguvu zimepungua, njaa ni ya mafuta: filta ya dizeli imeziba, maji yamejaa kwenye chujio, pampu ndogo inayovuta kutoka tangi imechoka. Au dizeli si dizeli. Nchi hii ilichezewa mafuta miaka mingi kwa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya uchakachuaji. Mafuta ya taa ni mepesi, lita yake ina nguvu ndogo kuliko ya dizeli, na hayalainishi. Pampu na nozeli zinasagika. Lori likinywa mchanganyiko huo linakuwa zito, na ukilisogezea kamshafti litabaki zito na kamshafti itakuwa imekosewa.

Nimeacha tapeti makusudi mpaka hapa, kwa sababu hapa ndipo taimingi ya vali inaporekebishwa kihalali na wengi hawalijui hilo. Nafasi kati ya roka na vali ndiyo inayoamua vali itaanza kufunguka lini na itafunga lini. Nafasi ikiwa kubwa, vali inachelewa kufunguka, inawahi kufunga na haifunguki mpaka mwisho: injini inakosa hewa, inagongagonga juu. Nafasi ikiwa ndogo, vali haikai kwenye kiti chake, mbano unavuja, vali inaungua ukingoni. Kwenye Scania DC12 vali ya hewa huwekwa milimita 0.45 na ya moshi 0.70, injini ikiwa baridi. Ya moshi ina nafasi kubwa kwa sababu inapata joto zaidi na inarefuka zaidi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4; roka za silinda ya 6 zikiwa zinapishana, unapima ya 1, zikipishana za 2 unapima ya 5, za 3 unapima ya 4, kisha unazigeuza. Nimewaona wanaofanya kazi hii kwa kutikisa roka kwa vidole na kusema imekaa. Kidole hakiwezi kutenganisha 0.45 na 0.70. Fila geji inaweza, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na vali moja iliyoungua. Tapeti zilizoachwa miaka miwili, zikirudishwa kwenye kipimo, zitampa dereva ile nguvu aliyoahidiwa kwa jino moja, na hazitamdai kitu Chalinze.

Kwenye malori ya sasa upotofu huu unakuwa hatari maradufu. Actros yenye injini ya OM501 ina pampu ndogo kwa kila silinda, na zote zinasukumwa na kamshafti hiyohiyo. Lakini sekunde ya mafuta kuingia inaamuliwa na kompyuta, ikisoma sensa ya krenki na ya kamshafti. Volvo D12 ina kamshafti juu ya hedi inayosukuma vali na injekta kwa pamoja. Ukisogeza jino, pampu zinasukuma kwa saa moja na kompyuta inaamuru kwa saa nyingine. Sensa mbili zinapingana, taa inawaka, kompyuta inapunguza nguvu kuilinda injini. Gari limekuwa zito kuliko lilivyokuja. Kisha utasikia sensa ni mbovu, inabadilishwa ya mtumba, na pesa ya tajiri inaendelea kutoka kwa kosa lilelile la asubuhi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo linapaswa kumnyima usingizi kila anayefanya kazi hii Mbeya. Breki ya injini ya Volvo hufanya kazi kupitia vali za moshi: kamshafti ina vinundu vya ziada vinavyozifungua kidogo kwa wakati maalumu ili pistoni zilizuie gari. Wakati huo maalumu ukihamishwa, au nafasi za vali zikikosewa, breki inapungua. Kutoka hapa kuelekea Tunduma dereva anashuka Iwambi kuingia Mbalizi, mteremko uliokwisha kutuzikia watu wengi. Sidai ajali yoyote ilitokana na kamshafti. Nasema lori lenye tani nyingi linastahili kuingia pale na kila breki aliyoiweka mtengenezaji.

Najua nitaambiwa vipimo ni mambo ya watu wa vyuoni, na kwamba fundi wa Mwanjelwa ana sikio. Analo, na silidharau. Nimesikia mtu akitambua nozeli moja mbovu kati ya sita kwa kusimama kando ya gari. Sikio linakueleza pa kuanzia kupima. Haliwezi kukueleza digrii 6 au 16. Dayo geji, ambayo huonyesha vali ya silinda ya kwanza imefunguka milimita ngapi flaiwili ikiwa kwenye alama yake, haihitaji cheti. Kijana wa darasa la saba huisoma kama anavyosoma saa. Na kama cheti kinatakiwa, VETA ipo, na MUST, iliyoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, iko mjini hapahapa.

Nitaambiwa pia kwamba dereva hana muda, mzigo una tarehe, tajiri anapiga simu. Basi tuhesabu muda. Kufungua kava la gia, kuvua gia, kurudisha na kufunga upya ni kazi ya siku nzima na gasketi mpya. Kuilinganisha alama ya flaiwili na ya kamshafti kupitia dirisha dogo na kava la juu ni kazi ya chini ya saa moja, na inajibu swali lote: taimingi iko mahali pake au haipo. Kwa hiyo kabla ya kukubali, dereva amwambie fundi, "Fundi, nionyeshe alama." Azungushe flaiwili mpaka silinda ya kwanza ifike juu, amwite dereva aone kwa macho yake. Kama alama zimepishana, fundi ana haki ya kufungua na dereva ana wajibu wa kulipa. Kama zimelingana, kava lifungwe, na watu wote wawili wahamie kwenye filta ya hewa.